Milima, ghuba, mji wa kale au delta: uende upande gani wa Vietnam?

Wanaoniuliza habari za Vietnam huja na orodha ileile: Ha Long, Sa Pa, Hoi An, Saigon, na siku zikitosha, kisiwa cha Phu Quoc. Ukiwauliza wana siku ngapi, wanakwambia tisa. Sina haki ya kuwacheka. Safari yangu ya kwanza niliifanya hivyohivyo, na ninachokikumbuka kuliko vyote ni pazia la basi la kulala.

Nchi hii imejinyoosha kilomita 1,650 hivi kutoka kaskazini hadi kusini. Reli ya Hanoi hadi Ho Chi Minh City (wenyeji wengi bado wanauita Saigon) ina kilomita 1,726, na treni huchukua zaidi ya saa 30. Kwa hiyo mwenye wiki moja au siku kumi achague upande mmoja, labda miwili inayopakana. Hapa nalinganisha pande nne ambazo watu hukwama kati yake: milima ya Ha Giang, ghuba ya Ha Long na majirani zake, miji ya Hue na Hoi An, na delta ya Mekong.

Nilivyopima

Kila upande nimeupima kwa mambo yaleyale: unachokutana nacho, msimu, mwili na njia, tumbo, mfuko, na mtu unaomfaa. Likikushinda kusoma lote, soma msimu.

Nasema hivyo kwa sababu Vietnam haina mvua moja. Sisi wa pwani tunaujua upepo wa kaskazi kama upepo wa jua na majahazi. Kule upepo wa kaskazini-mashariki huvuka bahari kwanza, ukabeba maji, kisha ukagonga milima ya katikati ya nchi na kuyamwaga. Ndiyo maana Oktoba na Novemba Hue inaweza kuwa ndani ya mafuriko huku Ha Giang iko kwenye siku zake nzuri kuliko zote. Mtu akikwambia Novemba ni mwezi mzuri wa kwenda Vietnam, muulize Vietnam ipi.

Ha Giang: barabara ya milimani

*Unachokutana nacho.* Ni mzunguko wa kilomita 350 hivi kwa pikipiki, siku tatu au nne, ukipita nyanda za mawe za Dong Van karibu na mpaka wa China. Mwaka 2010 nyanda hizo zilikuwa za kwanza Vietnam kuingia kwenye orodha ya UNESCO ya hifadhi za jiolojia. Wengi huja kwa ajili ya Ma Pi Leng, kipande cha barabara kilichochongwa ubavuni mwa mlima, na mto Nho Que uko chini kabisa, kijani kama chupa. Barabara yenyewe inaitwa Njia ya Furaha. Ilijengwa kati ya 1959 na 1965, kazi kubwa ikifanywa kwa mikono, na pale Ma Pi Leng vijana walichonga mwamba wakining'inia kwa kamba miezi 11. Furaha ilikuja baadaye.

Mimi lakini kilichonishika ni mahindi. Wahmong wa kule wana mawe kuliko udongo, basi hupanda mahindi kwenye matundu ya miamba, punje mbili tatu kila tundu, na tundu lisilo na udongo huletewa udongo kwa kapu la mgongoni. Mahindi hayo husagwa kwa mawe, unga hunyunyiziwa maji, kisha hupikwa kwa mvuke mara mbili. Huitwa men men. Nilipowekewa bakuli nilicheka peke yangu: ni ugali uliokataa kushikana. Nikajaribu kuufinyanga tonge, ukamwagika mezani wote. Bibi aliyekuwa jikoni akashika mbavu kwa kicheko, akaja akanimwagia supu ya mboga kwenye bakuli na kunipa kijiko kama mtoto.

Jumapili kuna gulio Dong Van, na Meo Vac pia. Fika mapema, kabla mabasi ya wageni hayajashusha. Kama wewe ni mweusi, utatazamwa, utapigwa picha, na huenda mtu akaugusa mkono wako aone kama rangi inatoka. Mimi nilikuta ni udadisi mtupu, ila si kila mtu ana moyo wa kuwa maonyesho siku nzima, na ni afadhali ujue kabla.

*Msimu.* Septemba ya mwisho mpunga wa ngazi unakuwa wa njano. Oktoba na Novemba yanachanua maua ya bakwiti, aina ya nafaka, ya waridi, mlima mzima. Desemba na Januari ni baridi ya kweli, ya kutetemeka, na nyumba nyingi hazina cha kupasha moto zaidi ya jiko. Juni hadi Agosti mvua huangusha udongo barabarani.

*Mwili na njia.* Kutoka Hanoi ni kilomita 300 hivi, saa sita au saba za basi. Kuendesha mwenyewe kunataka leseni ya kimataifa ya mkataba wa Vienna wa 1968 yenye kundi la pikipiki, na polisi husimamisha watu. Kuwa dereva wa bodaboda Mbagala hakukuandai kwa kona za Ma Pi Leng zenye ukungu. Panda nyuma ya dereva mwenyeji. Usiku wa pili mgongo utakukumbusha umri wako.

*Tumbo.* Nguruwe yuko karibu kila sufuria, na pombe ya mahindi haiishi mezani. Asiyekula hivyo ajifunze neno *chay*, yaani chakula kisicho na nyama, na alitamke kabla moto haujawashwa.

*Mfuko.* Dereva, kitanda na chakula kwa siku tatu hadi nne hufika dola 150 hadi 220 kwa kawaida.

*Inamfaa* mwenye nyonga imara, asiyehitaji choo kizuri kila baada ya saa mbili. Haimfai mwenye maumivu ya mgongo, wala familia yenye watoto wadogo, isipokuwa wakodi gari.

Ha Long, Lan Ha na Ninh Binh: mawe majini

*Unachokutana nacho.* Visiwa vya chokaa 1,600 hivi vimesimama baharini kama meno. Urithi wa dunia tangu 1994, na mwaka 2023 eneo likapanuliwa hadi visiwa vya Cat Ba. Jina Ha Long lina maana ya joka anayeshuka. Unalala melini, unaingia mapangoni, unapiga kasia kwenye kayaki. Lan Ha, upande wa Cat Ba, ni mawe yaleyale na meli chache. Utamaduni hapa ni haba: wavuvi waliokuwa wakiishi kwenye vijiji vinavyoelea wengi walihamishiwa nchi kavu mwaka 2014, na unachoonyeshwa leo ni masalio.

Ninh Binh ndiyo kimbilio langu mtu akiniambia ana siku moja tu ya kutoka Hanoi. Milima ni ileile lakini imesimama kwenye mashamba ya mpunga na mito. Pale Tam Coc wapiga makasia hulala chali na kupiga kwa miguu, mikono imepumzika au inabonyeza simu. Trang An iliingia urithi wa dunia mwaka 2014 kwa mandhari na historia pamoja, na jirani yake ni Hoa Lu, mji mkuu wa nchi kuanzia 968 hadi 1010.

*Msimu.* Oktoba hadi Desemba, kisha Aprili na Mei. Februari na Machi kuna manyunyu na ukungu unaofuta visiwa. Julai hadi Septemba ni wakati wa tufani: Yagi ilipiga hapa Septemba 2024, na Julai 2025 dhoruba ya ghafla ilipindua mashua ya watalii Ha Long na watu zaidi ya 30 wakafa. Bandari ikifunga safari, usibishane. Vaa jaketi la kuokolea hata wengine wakikuona mshamba.

*Mwili na njia.* Rahisi kuliko pande zote. Basi saa mbili na nusu kutoka Hanoi, kisha unatulia. Ila safari ya siku moja ya Ha Long ni saa tano za basi kwa saa nne za maji.

*Tumbo.* Samaki, kamba na kaa. Meli nyingi hukuuliza usichokula wakati wa kuweka nafasi.

*Mfuko.* Hapa ndipo pesa inapotoka: usiku mmoja melini ni dola 120 hadi 200 kwa mtu, na bei ikishuka sana chini ya hapo jiulize meli ina umri gani. Mashua ya Trang An ni dong (pesa ya Vietnam) 250,000 hivi, chini ya dola 10.

*Inamfaa* maharusi, wazee, na mtu aliyechoka kazini anayetaka kuketi sitahani na kikombe cha chai. Mtu wa kutaka kuongea na watu atachoka siku ya pili.

Hue na Hoi An: wafalme na wafanyabiashara

*Unachokutana nacho.* Miji miwili isiyofanana hata kidogo, umbali wa saa tatu nne kwa gari kupitia kipito cha Hai Van. Hue ilikuwa makao ya wafalme wa Nguyen tangu 1802 hadi 1945. Ngome yake iliharibiwa vibaya katika mapigano ya Tet, yaani ya sikukuu ya mwaka mpya, ya 1968, na ndani yake bado kuna viwanja vitupu palipokuwa na majumba. Makaburi ya wafalme yako nje ya mji: la Tu Duc ni bustani na ziwa, la Khai Dinh, lililojengwa kuanzia 1920, ni zege jeusi nje na vigae vya rangi ndani hadi macho yanauma. Hue ni mji wa mtu anayependa kusoma vibao.

Hoi An, Mswahili hahitaji kuelezwa sana. Ni bandari ya kale ya Wachina, Wajapani na wenyeji, nyumba za mbao zenye ua katikati, na uchochoro unaoishia mtoni. Mchanga ulijaza njia ya maji, meli zikahamia Da Nang, na umaskini uliofuata ndio ulioziacha nyumba hizo zisibomolewe. Aliyekaa Lamu ataitambua hadithi hiyo. Tangu 1999 mji ni urithi wa dunia, na daraja la Wajapani, lililopo kwenye noti ya dong 20,000, lilifunguliwa tena mwaka 2024 baada ya ukarabati.

Katika nyumba ya kale ya Tan Ky kuna alama ukutani zinazoonyesha maji yalifika wapi mwaka gani. Ile ya 1964 iko juu ya kichwa changu. Dari ya ghorofa ya kwanza ina kidirisha cha kupandishia bidhaa mto unapofurika. Nilimtazama mama mwenye duka la jirani akizungumza na mteja huku ameegemea kabati lenye magurudumu. Nikauliza magurudumu ya nini. Akaonyesha mto kwa kidevu.

Usiku wa tarehe 14 kwa mwezi mwandamo taa za umeme hupunguzwa na kandili za hariri huwashwa. Ni pazuri, na pamefurika watu kama feri ya Kigamboni saa kumi na moja jioni.

*Msimu.* Februari hadi Mei. Juni hadi Agosti ni jua kali. Kuanzia mwisho wa Septemba hadi Desemba ni mvua na mafuriko. Mwishoni mwa Oktoba 2025 Hue na Hoi An zote zilizama vibaya.

*Mwili na njia.* Miguu na baiskeli. Treni ya Hue hadi Da Nang, saa mbili na nusu au tatu, inapita kando ya bahari. Kaa upande wa bahari. Hekalu za My Son, zilizojengwa na Wacham, watu wa kale wa upande huu, ziko saa moja kutoka Hoi An. Nenda alfajiri.

*Tumbo.* Hapa ndipo palipo patamu. Bun bo Hue ni supu ya ng'ombe yenye mchaichai na pilipili, ila mara nyingi ndani mna mguu wa nguruwe, kwa hiyo uliza. Hue ina migahawa mingi ya *chay* kwa sababu ya Wabudha wake, hasa tarehe mosi na 15 ya mwezi mwandamo.

*Mfuko.* Tiketi ya mji wa kale ni dong 120,000, ngome ya Hue 200,000. Hatari iko kwa mafundi cherehani: suti kwa siku mbili, na unatoka na tatu. Ukitaka kushona, nenda siku ya kwanza na udai kujaribishwa mara mbili. Mimi nilienda siku ya mwisho, na koti lile hadi leo linavaliwa na binamu yangu.

*Inamfaa* familia, mama wa kwenda naye, mpenda historia na mpenda kula. Anayekimbia watalii ataona Hoi An imeuzwa. Kwake Hue pekee ingetosha.

Delta ya Mekong: nazi, mashua na adhana

*Unachokutana nacho.* Upande huu ndio unaorukwa zaidi, mara nyingi kwa sababu watu wameuonja kwa ziara ya siku moja kutoka Saigon: mabasi, peremende za nazi, kofia, kwaheri. Ukilala huko mambo ni mengine.

Soko la Cai Rang, Can Tho, huanza saa kumi na moja alfajiri. Kila mashua ya jumla ina mti mrefu uliotungikwa bidhaa yake: nanasi juu, basi chini ni nanasi. Mashua moja ilikuwa na jani la mnazi peke yake, nami nikadhani wanauza makuti. Mwenye mashua yetu akacheka: jani juu ya mti maana yake mashua yenyewe inauzwa. Siku hizi mashua za jumla zimepungua sana, barabara na malori vimechukua kazi, na asubuhi nyingine wageni ni wengi kuliko wauzaji. Ukitaka soko la kale lililojaa, umechelewa. Ukitaka kahawa kutoka kwa mama aliyekunasia mashua yake kwa ndoano, bado ipo.

Ben Tre ni nchi ya minazi. Nazi hukunwa, tui hukamuliwa, na mtu wa Tanga anayesimama hapo hubaki akitoa maoni juu ya kazi ya wenzake. Bustanini kuna shokishoki, fenesi, doriani na balungi, nawe Mzanzibari utajiuliza mbona umelipa nauli.

Kisha Chau Doc, karibu na Kambodia, saa tatu hivi kutoka Can Tho. Ng'ambo ya mto wanaishi Wacham Waislamu, Wasunni wa madhehebu ya Shafi'i kama pwani yetu, kwenye nyumba za nguzo, na misikiti yao inaonekana kutoka kwenye maji. Kuisikia adhana ikivuka mto wenye rangi ya chai ya maziwa, baada ya wiki ya mahekalu, ni kitu ambacho sikukitarajia. Mzee mmoja pale alinijibu salamu, akauliza nimetoka wapi, na niliposema Afrika akauliza kama kwetu nasi tunavaa msuli.

*Msimu.* Desemba hadi Aprili ni kukavu. Septemba hadi Novemba maji hupanda, na anayependa misitu iliyozama kama Tra Su atakwenda wakati huo. Joto lipo daima.

*Mwili na njia.* Basi la Saigon hadi Can Tho ni saa tatu hadi nne. Kazi yenyewe ni kuamka alfajiri.

*Tumbo.* Samaki wa mtoni, wali, mboga za majani. Chau Doc ndipo utakapopata halali bila kuuliza mara tatu.

*Mfuko.* Nafuu kuliko pande zote nne.

*Inamfaa* mtu asiye na haraka, familia ya Kiislamu, na anayependa kukaa kwa wenyeji. Anayetaka picha ya kushtua marafiki atarudi na mto wa kahawia.

Yanayohusu pande zote

Tangu Agosti 2023 viza ya mtandaoni iko wazi kwa nchi zote, hadi siku 90, dola 25 kwa kuingia mara moja. Chagua vituo vya kuingilia na kutokea kwa makini ili uweze kushukia Hanoi na kuondokea Saigon. Noti ya dong 20,000 na ya 500,000 zote ni za bluu, na usiku kwenye teksi zinafanana mno. Ziweke mifuko tofauti. Kwa Tet, mwaka mpya wa mwandamo (2027 ni Februari 6), mabasi hujaa na maduka hufungwa.

Na usishangae wakikuuliza umri kabla ya jina. Kule, kama kwetu, huwezi kuzungumza na mtu bila kujua ni kaka, shangazi au bibi. Dereva wangu wa Ha Giang alipojua nimemzidi miaka minne akaanza kuniita *anh*, kaka mkubwa, na toka hapo akawa ananifungia kamba ya helmeti mwenyewe.

Basi wewe uende wapi?

Likizo yako ni Oktoba au Novemba: nenda kaskazini, Ha Giang ukiweza, Ninh Binh na Lan Ha kama mwili haukubali. Hoi An iache.

Likizo ni Februari hadi Aprili: Hue na Hoi An, na kama siku zinafika kumi, ruka kwa ndege kutoka Da Nang hadi Saigon umalizie delta.

Desemba, shule zimefungwa na watoto wako mkononi: delta, usiku mbili Can Tho na mbili Chau Doc.

Julai au Agosti ndiyo ruhusa pekee uliyopewa: Hoi An kwa jua lake, ukilala mchana na kutembea jioni. Ghuba iweke kama ziada, na tiketi yake uikate ukiwa umeshaona utabiri.

Unakwenda na mama aliyepita miaka 60: Hue na Hoi An, au Lan Ha. Mwulize magoti kabla ya kukubali pango lolote. La Mua, Ninh Binh, lina ngazi karibu 500.

Uko peke yako, una miaka 25 na pesa ya kuhesabu: Ha Giang nyuma ya dereva, kisha usiku mbili Ninh Binh.

Na kama wawili mnabishana, mmoja anataka milima na mwingine bahari, laleni Ninh Binh siku tatu kwanza. Basi za kwenda Cat Ba zinapita hapo, na za Ha Giang pia.